Picha Moja Haitoshi: Nyota S2 na Moyo wa Mwenzako



Wapendwa vijana, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, katikati ya Kwaresima, picha ilirushwa kwenye grupu la WhatsApp la vijana wa parokia yetu. Ilimwonyesha mwenzetu mmoja, mwanakwaya, ambaye Ijumaa ileile iliyopita alituongoza Njia ya Msalaba. Kwenye picha alikuwa amelala kwenye kiti cha plastiki nje ya baa, shati wazi, chupa chini ya miguu. Haikuwa picha ya kutengenezwa. Ni yeye kabisa.

Mimi sikuipiga wala sikuirusha. Lakini nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika chini yake. Niliandika maneno matatu tu: "Kumbe ndivyo alivyo." Wengi wakaweka vicheko. Jumapili yule kijana hakuja kwaya. Iliyofuata hakuja. Kwenye Jumuiya pia akapotea.

Neno linalonichoma mpaka leo ni lile la katikati, "ndivyo". Kuwa alilewa, hilo lilikuwa kweli na sikulidanganya. Ila mimi nilidai zaidi ya hapo. Nilidai kwamba kwa picha moja nimeshajua kilichoko katikati ya moyo wake, kwamba Njia ya Msalaba ilikuwa maigizo na ile baa ndiyo yeye halisi.

Swali langu leo ni hili: je, tunaweza kujua kilichoko katikati ya moyo wa mtu? Na kama tunaweza, tunakijua kwa kupima nini, na kwa muda gani?

Kuna watu waliolazimika kujibu swali linalofanana na hilo, ila wao hawakuwa wakitafuta moyo wa mtu. Walikuwa wakitafuta kitovu cha galaksi yetu. Hebu nikusimulie walichofanya, halafu turudi kwa yule mwenzetu.

Kupima kisichoonekana

Ukitoka nje usiku wa Julai au Agosti, mahali pasipo na taa nyingi, tazama juu karibu na utosi wa anga. Utaona mkanda mweupe kama moshi. Ndiyo Njia Nyeupe, galaksi yetu, tukiitazama kutoka ndani. Sehemu yake iliyo nene zaidi iko upande wa kundinyota la Mshale. Huko, umbali wa karibu miaka 27,000 ya mwanga, ndiko kiliko kitovu chake.

Kwa macho hukioni, maana mawingu ya vumbi yametanda katikati. Na hata vumbi lingepanguswa lote, kile kilichopo kwenye kitovu chenyewe hakitoi mwanga. Ni shimo jeusi. Uvutano wake ni mkali kiasi kwamba hata mwanga ukiingia hauchomoki.

Sasa unakijuaje kitu kisichoonekana? Unatazama vile vinavyoonekana jirani yake. Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1783 John Michell, mchungaji wa Kianglikana huko Thornhill, Uingereza, aliwaandikia wanasayansi wenzake kwamba huenda ziko nyota kubwa na nzito kiasi kwamba mwanga wake haufiki kwetu. Akasema kuwa kama kuna kitu kingine king'aacho kinachozunguka nyota ya namna hiyo, basi mwendo wa kile king'aacho unaweza kutuambia kuwa ile isiyoonekana ipo.

Ilichukua zaidi ya miaka 200 watu kuifanya kazi hiyo kwenye kitovu cha galaksi yetu. Makundi mawili yaliifanya kwa kushindana. La kwanza liliongozwa na Reinhard Genzel wa Taasisi ya Max Planck, Ujerumani. Lilianza mwaka 1992 kwa kutumia darubini zilizoko Chile. La pili liliongozwa na mama mmoja Mmarekani, Andrea Ghez, wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Wao walianza mwaka 1995 kwa darubini za Keck, juu ya mlima Mauna Kea huko Hawaii. Na ujue ombi la kwanza la Ghez la kutumia darubini hiyo lilikataliwa, kwani waliolipitia hawakuamini kama mbinu yake ingefanya kazi. Akaomba tena.

Kazi yenyewe ukiisikia ni rahisi. Piga picha ya nyota zilizo karibu na kitovu, kwa mwanga wa infraredi unaopenya vumbi. Pima kila nyota iko wapi. Mwaka ujao rudi, pima tena. Na mwaka unaofuata. Na unaofuata.

Kati ya nyota hizo moja ndiyo iliyokuja kuwa maarufu. Wajerumani waliiita S2, Wamarekani wakaiita S0-2. Njia yote inayopita nyota hiyo, tukiitazama kutoka huku kwetu, ina upana kama wa sarafu ya sentimita mbili iliyowekwa kilometa 20 mbali nawe. Na ndani ya hiyo sarafu ilibidi waseme nyota imesogea kidogo kiasi gani tangu walipoitazama mara ya mwisho!

Mwaka 2002 S2 ilikatiza karibu kabisa na kitovu na kugeuka kwa kasi. Waliendelea kupima. Ilipotimia miaka 16 tangu kipimo cha kwanza, walikuwa wameiona ikimaliza mzunguko mzima. Mwezi Mei 2018 ikapita tena karibu na kitovu, kwa kasi ya zaidi ya kilometa 7,600 kwa sekunde. Inazunguka kitu ambacho hakionekani kwenye picha za nyota hizo, na kutokana na mwendo wake wakapata uzito wa kitu hicho: takriban jua milioni nne, zimebanwa mahali padogo mno. Mwaka 2020 Genzel na Ghez walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, pamoja na Roger Penrose. Ile picha maarufu ya pete ya mwanga kuzunguka kivuli cheusi ilitolewa Mei 2022. Yaani miaka 30 baada ya vipimo vya kwanza. Na hata hiyo, kinachong'aa ni gesi iliyo pembeni. Shimo lenyewe ni giza la katikati.

Tusikosee hapa: sisemi shimo jeusi linathibitisha kuwa Mungu yupo. Padre Georges Lemaître, Mbelgiji aliyekuwa padre na pia mmoja wa waanzilishi wa nadharia ya kupanuka kwa ulimwengu, alikataa nadharia yake igeuzwe kuwa hoja ya dini. Tumfuate. Ninachotaka tujifunze kwa watu hawa ni adabu yao ya kupima. Mimi sikuwa nayo.

Nukta haina mwelekeo

Chukua picha ya kwanza ya S2. Inaonyesha nini? Nukta. Nukta haikuambii inaenda au inarudi, wala inazunguka nini. Ili upate njia unahitaji nukta nyingi, na kati ya moja na nyingine unahitaji muda.

Halafu kuna jambo hili. Njia ya S2 si duara. Ni yai refu. Inapokuwa karibu na kitovu, iko umbali wa mara 120 ya umbali kati ya Dunia na Jua. Inapokuwa mbali kabisa, ni karibu mara 1,900. Na sehemu kubwa ya ile miaka 16 inaitumia huko mbali, ikienda polepole. Mtu akiipima kwa miaka michache ikiwa inaelekea nje, anaweza kuapa kuwa inatoroka. Kumbe bado imeshikwa. Hata kule mbali kabisa, nguvu inayoigeuza ni ileile.

Nikafikiri juu ya Mtume Petro. Piga picha moja tu ya Petro, usiku ule penye moto wa makaa, jogoo hajawika. Mtu anayeapa kuwa hamjui Yesu. Weka kwenye grupu. Mimi ningeandika: "Kumbe ndivyo alivyo." Lakini Injili haikuishia pale uani. Ukisoma Yohana sura ya 21 unamkuta Petro kwenye moto mwingine wa makaa, kando ya ziwa, akiulizwa mara tatu kama anapenda. Bwana hakuifuta nukta ya kwanza. Aliongeza nyingine tatu.

Mt. Agostino naye alibatizwa na Mt. Ambrosi huko Milano katika Pasaka ya mwaka 387, akiwa na miaka 32. Mama yake, Mt. Monika, alikuwa amemlilia miaka na miaka. Wangapi walikuwa wameshamfungia faili? Monika hakufunga. Alibaki anatazama, kwa macho yenye machozi, mpaka njia ikageuka.

Hewa inayotikisika

Wale watafiti walikuwa na shida nyingine. Mwanga wa nyota, ukishasafiri miaka 27,000, unavurugwa katika kilometa chache za mwisho, ndani ya hewa yetu. Ndiyo maana nyota tunaziona zinametameta. Nyota yenyewe imetulia, ni hewa yetu inayotikisika.

Mwanzoni walipiga picha nyingi za muda mfupi mno, halafu wakazipanga pamoja ili mtikisiko upungue. Baadaye zikaja darubini zenye kioo kinachobadilisha umbo lake mara mamia kwa sekunde, kufuata mtikisiko wa hewa na kuusahihisha. Yaani kabla ya kusema lolote juu ya nyota, walisahihisha kwanza hewa iliyo juu ya vichwa vyao.

Sasa hebu nijiulize kwa ukweli: ile siku ya picha, hewa yangu ilikuwaje? Ilikuwa imetikisika sana. Yule kijana alikuwa ameteuliwa kuongoza ibada, na mimi nilidhani ningeteuliwa mimi. Naam, nilikuwa na wivu. Picha ilikuwa ya kweli, ila ilipitia kwenye wivu wangu ndipo ikatoka kwa maneno yale matatu. Yesu alishasema juu ya boriti na kibanzi (Mathayo 7). Utaratibu wake ni uleule: jicho lako kwanza.

Unapima kwa kulinganisha na nini?

Shida ya tatu ndiyo ya hatari zaidi, maana haionekani. Ukisema nyota imesogea, imesogea ukilinganisha na nini? Nyota zote za eneo lile zinasogea. Ukiichagua moja kuwa alama yako ya kudumu, nayo inatembea, vipimo vyako vyote vitapotoka, na hutajua. Watafiti walitumia nyota fulani ambazo zinaonekana kwa infraredi na pia kwa mawimbi ya redio. Kwa kuwa kile kitu cha kitovuni nacho kinasikika kwa redio, waliweza kujua kiko wapi hasa kwenye picha zao, na kupima kila kitu kwa kukilinganisha na chenyewe.

Vijana, sisi tunapimana kwa nini? Mara nyingi tunapimana sisi kwa sisi. Najiona mtakatifu kwa sababu fulani amelala baa. Kesho najiona takataka kwa sababu mwingine ameweka picha za hija yake mtandaoni. Wote hao wanatembea kama mimi. Mfarisayo wa Luka 18 alisimama hekaluni akajipima kwa mtoza ushuru, na kipimo chake kikatoka kizuri kabisa. Mtoza ushuru alijipima kwa Mungu. Ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki.

"Kwa hiyo dhambi si dhambi?"

Najua kuna atakayeuliza: sasa tusiseme lolote? Mtu akilewa ovyo, tumwambie "endelea, bado nakusanya nukta"?

Hapana. Mpimaji mwaminifu hatupi kipimo kwa sababu hakipendi. Anakiandika jinsi kilivyo. Ulevi ule ulikuwa ulevi, na mimi kama mwanajumuiya nilikuwa na wajibu wa kumfuata. Ila Mathayo 18 inaanza na wewe na yeye peke yenu. Haianzi na grupu la watu 140. Na kama mtu anamwumiza mwingine, anampiga mke, anamnyanyasa mtoto, hatungoji miaka 16 tujue moyo wake ukoje. Tunamlinda anayeumizwa leo hii, na tunatoa taarifa kwa wanaohusika. Kumzuia mtenda mabaya hakuhitaji ujue kilichoko katikati ya roho yake.

Hapa ndipo Kanisa linatupa tofauti iliyo wazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1861, inafundisha kuwa tunaweza kuamua kwamba tendo fulani ni kosa zito, lakini hukumu juu ya mtu mwenyewe tunaiachia haki na huruma ya Mungu. Na namba 2477 na 2478 zinaitaja hukumu ya haraka kuwa ni kosa dhidi ya heshima ya jirani, na kututaka tujitahidi kuyatafsiri mawazo, maneno na matendo yake kwa namna iliyo njema kadiri iwezekanavyo. Kwa hiyo, "Amelewa" ni kauli ya tendo. "Ndivyo alivyo" ni kauli ya moyo. Ya kwanza naweza kuisema, kwa mtu anayestahili kuisikia. Ya pili sina kipimo chake.

Pale mfano unapokomea

Kila mfano una mwisho wake, na huu una miisho miwili.

Kwanza, nyota haina hiari. S2 itapita tena karibu na kitovu mwaka 2034, itake isitake. Mimi na wewe tunaweza kukataa. Tunaweza kuchagua kitovu kingine: pesa, mpenzi, sifa za mtandaoni, hasira ya zamani. Ndiyo maana kwa binadamu hata nukta nyingi hazitoshi kufunga kesi. Mtu anaweza kugeuka saa ya mwisho, kama yule mnyang'anyi msalabani.

Pili, shimo jeusi linameza. Mungu hamezi. Baba wa mwana mpotevu alikuwa na nguvu ya kumzuia mwanawe, akamwachia njia. Kisha akabaki anatazama barabara. Akamwona angali mbali.

Kumbe Mungu ndiye anayeona nukta zetu zote, tangu tumboni mwa mama mpaka pumzi ya mwisho. Mwenye vipimo vyote ndiye mwepesi wa kusamehe, na mimi niliyekuwa na picha moja nikawa mwepesi wa kuhukumu.

Na wewe je?

Labda wewe si mimi katika habari hii. Labda wewe ndiye wa kwenye picha. Umeanguka tena dhambi ileile uliyoiungama mwezi uliopita, na sauti inakuambia: "Basi, ndivyo ulivyo." Ndugu yangu, dada yangu, hiyo nayo ni hukumu ya haraka, tofauti ni kwamba umejihukumu mwenyewe. Rudi kwenye Sakramenti ya Upatanisho.

Na upime kila siku. Mt. Inyasi wa Loyola alitufundisha kutafiti dhamiri jioni: kumshukuru Mungu, kupitia siku, kuona niligeukia wapi, kuomba msamaha, kuomba neema ya kesho. Dakika kumi zinatosha. Siku moja ya zoezi hilo haitakuambia mengi. Mwaka mmoja utaanza kukuonyesha unazunguka nini. Pia tafuta padre au mlezi wa kiroho akusikilize, kwa sababu mwenye kujipima peke yake hujipendelea au hujionea. Hata wale wa Chile na wa Hawaii waliaminika zaidi kwa sababu walikuwa makundi mawili, na majibu yakakubaliana.

Yule mwenzetu nilimtafuta. Nilimwandikia ujumbe, nikamwomba msamaha kwa maneno yale matatu, na kwenye grupu nikayakana kwa jina langu. Alama mbili za buluu zilionekana. Hakujibu.

Mwanzoni nilikasirika kidogo, nikijiona nimeshafanya langu. Halafu nikaelewa. Yeye naye ana nukta moja juu yangu, ile ya siku ya picha. Ujumbe wangu ni nukta ya pili. Kwa nini aniamini kwa nukta mbili? Inabidi nikae kwenye njia, mwaka hadi mwaka, nisiwe tena mtu wa kuandika maneno yale juu ya yeyote. Akitaka kutazama, atazame.

Maswali ya kutafakari

1. Ni nani niliyemfungia faili kwa picha moja, tukio moja au habari moja ya kusikia?
2. Hewa yangu inatikiswa na nini: wivu, uchungu, au haraka ya kuonekana?
3. Mtu akinitazama miaka 16, atasema nilikuwa nazunguka nini?

Sala

Ee Bwana, wewe unaona njia yangu yote, na mimi naona hatua moja tu ya jirani yangu. Unisamehe pale nilipoiita hatua hiyo moyo wake. Tuliza hewa iliyo machoni pangu. Uwe wewe kitovu changu, hata siku ninapokuwa mbali, unigeuze nirudi. Na wale niliowafukuza kwa maneno yangu, uwatazame barabarani wangali mbali, uwakimbilie. Amina.

Tafakari njema, na tuombeane.